Kigoda Kati ya Meza ya Tatu na ya Nne

Mama mkwe wangu tulimzika Jumamosi iliyopita huko Angurai, na mpaka leo sijaweza kukaa na watu. Walitutengea hema letu sisi wakwe upande wa pili wa boma, mbali na jeneza kama inavyotakiwa, tukaletewa wali na soda, nikala nimeinamisha kichwa. Jamaa mmoja mgeni aliyekaa karibu nami, nadhani alikuja na watu wa kanisa, aliniuliza kwa upole, "Mzee, marehemu ulimjua vizuri?" Nikamjibu kwamba nimemwoa binti yake. Akaitikia kwa kichwa, akaona jibu limetosha. Halikutosha hata kidogo. Yule mama tulifanya kazi chumba kimoja karibu mwaka mzima, meza yake na yangu zikiachana hatua mbili, na ameingia kaburini hatujawahi kushikana mkono. Jina lake sikuwahi kulitamka, na hapa pia sitaliandika. Nina miaka hamsini na minne sasa. Nimefundisha vijana wengi kompyuta, na kila nikifika kwenye somo la jinsi mashine inavyogawa kazi yake ndani kwa ndani, hulipita mbio kama mtu anayepita mbele ya boma lenye mbwa mkali. Wanafunzi wangu hudhani silielewi. Kumbe nalielewa kuliko masomo yote.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina miezi saba tu ya ndoa. Nilikuwa karani katika kampuni ya ajenti wa forodha, ofisi ya Busia, nikijaza fomu za mizigo kwa mkono. Ofisi ya Busia ikafungwa, mimi nikahamishiwa Malaba. Nilijua mama ya mke wangu yuko kampuni hiyo hiyo huko Malaba, ndiyo njia niliyompatia binti yake, lakini nilijipa moyo kwamba ofisi ni kubwa, atakuwa chumba chake na mimi changu. Wapi! Nilipanda ngazi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, harufu ya rangi na misumari ikinifuata, nikafungua mlango, na mtu wa kwanza niliyemwona ni yeye, ameketi mbele ya kabati la mashubaka, vile vijumba vya mbao vya kupangia karatasi. Kilikuwa chumba kimoja. Watu watano ndani yake, mimi nikiwa wa tano. Nilirudi nyuma nikafunga mlango, nikasimama kwenye ngazi karibu robo saa, jasho likinitoka, mpaka Okisai akatoka akanikuta. Okisai alikuwa karani wa zamani pale, Mteso wa Amagoro, mdomo wake hauna breki. "Bwana Wandera," akasema, "utaoa ngazi sasa?"

Kwetu, na kwa Wateso, watu wa mke wangu, vilevile, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hampeani mkono, hamli meza moja, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anaingia majani mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima kubwa, na ukiivunja ni aibu ya nyumba mbili, na kuna mbuzi wa kuchinjwa ili mambo yasafishwe. Basi tukaanza kuishi hivyo ndani ya chumba kimoja. Mimi nilipewa meza ya dirishani, ambako chini yake foleni ya trela ilikuwa imesimama toka mpakani hadi macho yanapoishia, madereva wakipika chai chini ya magari yao. Yeye alijifunika leso upande mmoja wa uso, upande wangu. Akitaka kuniambia kitu alikiambia chumba: "Mwambieni aliye dirishani afunge, vumbi linaingia kwenye mafaili." Nami nilifunga bila kugeuka. Saa ya chakula nilishuka kula chapati na ndengu kibandani ili yeye ale kiporo chake cha ugali wa wimbi kwa amani. Tungeweza kuendelea vile mpaka pensheni.

Lakini kompyuta zilikuwa zinakuja. Bosi wetu, mtu mfupi anayetembea na kalamu nne mfukoni, alitukusanya Jumatatu moja akasema bila kuzunguka, "Forodha inaingia kwenye kompyuta. Mwalimu atakuja hapa mara mbili kwa wiki. Mwisho wa mwaka nitawapima mimi mwenyewe. Mkianguka, nawaachisha, naleta vijana wa Nairobi." Hakuwa anatisha bure; ofisi ya Busia alikuwa ameifunga kwa maneno kama hayo hayo. Mke wangu Amoit alikuwa mjamzito. Mama yake alikuwa mjane mwenye watoto watatu bado shuleni, na kitinda mimba wake, Omuse, alikuwa kidato cha pili, mtoto mwenye kichwa ambacho walimu walikisifu mpaka kanisani. Kazi ile ndiyo iliyowalisha wote. Kwa hiyo kila mtu mle ndani alijua anachopigania, na mimi nilijua cha kwangu na cha kwake.

Mwalimu alikuwa anaitwa Swaleh, Mwislamu wa Busia mjini, wa ukoo wa wasafirishaji, aliyejifunza kompyuta Kampala. Mrefu, mkali, kofia yake nyeupe haijawahi kuwa na doa. Kompyuta mbili zililetwa, akazifunika shuka. Tulidhani ataanza kutuonyesha kubonyeza. "Mtu akijua kubonyeza bila kujua ndani kunaendaje," akasema, "huyo ni mtumwa wa vibonyezo. Kwanza mtakuwa kompyuta nyinyi wenyewe." Akapanga meza zetu tano mstari mmoja. Akasema kila agizo ndani ya mashine hupita hatua tano: kulichukua, kulielewa, kukokotoa, kwenda kwenye kumbukumbu, na kuandika jibu. Okisai akawekwa mwanzo, achukue karatasi moja moja zenye maagizo kutoka sandukuni. Nekesa, dada mpole wa Bungoma, akawa wa pili, asome agizo, kisha atoe namba zinazohitajika kwenye daftari lenye visanduku vinne, A, B, C na D. Mimi wa tatu, kwa sababu nilikuwa mwepesi wa hesabu. Wa nne, mwenye kumbukumbu, anayetia na kutoa namba kwenye mashubaka, hakukuwa na mwingine wa kulinganishwa na mama mkwe. Alikuwa amepanga mafaili miaka ishirini na angelipata shubaka lolote amefumba macho. Wa tano Mutua, wa kuandika jibu la mwisho daftarini. Mwalimu mwenyewe alikuwa saa. Alining'iniza kipande cha rimu ya trela akakigonga kwa spana, na kila pigo lilimaanisha mkabidhi mwenzako ulichonacho na upokee kingine.

"Mashine ya kizamani," alituambia, "hulipeleka agizo moja mpaka meza ya tano ndipo ichukue lingine. Mmoja anafanya, wanne wanapiga miayo. Hii yetu, Okisai akishampa Nekesa karatasi ya kwanza, anachukua ya pili hapo hapo. Baada ya mapigo machache kila mtu ana karatasi yake mkononi. Sikilizeni vizuri: karatasi moja haifiki haraka zaidi, bado inapita meza tano. Lakini kila pigo, moja inatoka imekamilika. Wazungu wanaita paiplaini, kama ile ya mafuta." Okisai akaangalia dirishani, akauliza kama ni foleni kama ile ya trela. "Foleni ya trela imesimama, wee! Hii inatembea," akafoka Mwalimu, akagonga rimu.

Pigo la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu Nekesa akanipa karatasi, nikakokotoa. La nne lilipolia nikageuka na karatasi mkononi, nikakuta natazamana na leso. Mkono wake ulikuwa unaanza kunyooshwa, kisha ukajirudisha. Nikaganda. Nyuma yangu Nekesa alikuwa amenyoosha karatasi ya pili, na nyuma yake Okisai ameshika ya tatu, na spana ya Mwalimu iko hewani. "Kwani mmegombana?" akauliza. "Nasema mmegombana?" Okisai ndiye aliyecheka kwanza. "Mwalimu, huyo ni mama mkwe wake." Mwalimu akashusha spana polepole. Alikuwa amezaliwa Busia, alijua maana yake. Akakaa chini, akajifuta uso na kofia yake, kitu ambacho sijamwona akifanya tena.

Tulijaribu kila njia. Kubadilishana meza hakukufaa, maana Mutua akikokotoa aliteleza na Nekesa kwenye mashubaka alipotea kama mgeni stendi. Okisai akaja na wazo lake: "Kwa nini tupange mstari? Kila mtu achukue karatasi yake aifanye yote peke yake, watano kwa pamoja." Mwalimu akasema hiyo pia ipo, mashine nyingine zina bongo kadhaa zinazofanya kazi sambamba, tujaribu tuone. Tukajaribu. Dakika mbili za kwanza tulienda kasi ya ajabu. Kisha wote watano tukahitaji mashubaka kwa wakati mmoja. Kabati lilikuwa moja! Mutua anavuta namba ambayo Nekesa ndiyo kwanza anaibadilisha, Okisai anapiga kelele "ngojeni, ngojeni zamu", na katika ile sukumana nikageuka, bega langu likakosa bega la mama mkwe kwa upana wa kidole. Alitoa sauti ndogo, "Woi!" Mimi nilishuka zile ngazi sijui kwa miguu gani, nikajikuta katikati ya trela, turnboi mmoja, msaidizi wa dereva, akiniuliza, "Boss, nani anakukimbiza?" Niliporudi Mwalimu alikuwa anamweleza Mutua, kwa sauti ya uchovu, kwamba kuongeza wafanyakazi si dawa kama wote wanagombania mlango mmoja.

Wiki tatu zikapita tukiwa tumekwama pale pale kati ya meza ya tatu na ya nne. Siku moja nikipanda ngazi baada ya chakula nilimsikia Nekesa akisema ndani, "Ukweli ni kwamba mmoja lazima atoke, ama sisi wote tutatolewa." Okisai akajibu, na safari hii hakuwa anacheka, "Atoke kijana. Mama ana watoto." Mutua akasema hapana, atoke mama, kijana ndiye anahesabu. Kisha kiti cha mama mkwe kikalia, nikajua kumbe yumo ndani, amekaa anasikiliza wenzake wakimgawa. Nilikasirika, na sikuingia. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yangu mwaka ule, kutoingia.

Alhamisi iliyofuata mama mkwe alikuja na kigoda kutoka kwake, kile kidogo cha miguu mitatu cha jikoni, kimeiva kwa moshi. Akakiweka chini kati ya meza yangu na yake, akarudi akaketi, akaliambia kabati lake, "Mtu akiwa na kitu cha kuniletea, pa kuweka pako." Basi. Ndivyo tunavyofanya nyumbani: mkwe akileta zawadi anaiweka chini, anaondoka, mama anatoka kuichukua. Mwalimu akagonga rimu. Nikaweka karatasi kigodani, nikageukia ile Nekesa aliyoninyooshea. Pigo lililofuata akaichukua. Pigo, naweka. Pigo, anachukua. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: sehemu ile iliyokuwa imetukwamisha ikawa ndiyo laini kuliko zote. Okisai na Nekesa bado walikuwa wakisubiriana mkono kwa mkono, huyu amemaliza yule hajamaliza, karatasi zinaanguka. Mimi na mama mkwe hatukusubiriana. Nikimaliza naweka, habari yangu imekwisha.

Mwalimu aliacha kugonga. Alikuja akasimama mbele ya kile kigoda akikitazama kana kwamba kimesema. "Subhanallah," akasema. "Wiki tatu natafuta namna ya kuwaeleza. Kati ya hatua na hatua lazima pawe na pa kuweka! Hata kwenye mashine pako hivi hivi, inaitwa rejesta. Huyu mama ameijenga na hajawahi kuona mashine ikifunguliwa." Akatuma vikaletwa viti vitatu vidogo kutoka kibanda cha chai, akaviweka kati ya meza zote. Alasiri ile tulipitisha karatasi thelathini bila kuanguka hata moja. Okisai alipiga kelele mpaka mwenye duka la chini akapanda kuuliza kuna nini. Nikaiba jicho. Leso ilikuwa inatikisika, alikuwa anacheka. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya aina ile tena, nasema kweli, hata siku ya harusi yangu nilikuwa na wasiwasi zaidi.

Likabaki jambo moja. Mwalimu alilieleza mwezi wa mwisho, akionekana hapendi kulieleza. Wakati mwingine agizo moja linategemea lililo mbele yake. Tuseme karatasi ya kwanza inasema, toa namba kwenye shubaka la kumi na nne, iweke kisanduku B. Ya pili inayofuata nyuma yake inasema, jumlisha B na C. Ya pili ikifika kwangu, ya kwanza ndiyo kwanza iko kwa mama mkwe. Namba mpya iko mkononi mwake, haijaandikwa daftarini. Ile B ambayo Nekesa amenisomea ni ya zamani, ni ya uongo. "Hapo una njia mbili," akaniambia. "Usimamishe mstari mapigo mawili mpaka Mutua aandike na Nekesa asome upya. Au usimamishe pigo moja tu, umuulize mwenye namba akutajie. Mwenye haja ndiye anauliza. Kuuliza si ujinga." Kwenye mazoezi tulikuwa tunamsubiri Mutua. Lakini Bosi alitaka karatasi arobaini. Karatasi arobaini kwa meza tano ni mapigo arobaini na manne kama hakuna kosa, naye alitupa arobaini na sita, mawili tu ya akiba. "Siku hiyo huenda huna mapigo ya kuchezea," Mwalimu akasema. "Utamuuliza?" Chumba kizima kikanitazama. Nikasema, "Nitauliza." Na mama mkwe, akilitazama dirisha, akasema kwa sauti tulivu kabisa, "Akiuliza atajibiwa."

Nyumbani Amoit aliniambia zaidi. Alikuwa ameinama kwa shida akichambua mboga, tumbo limeshakuwa kubwa. "Mama ameongea na wazee," akasema. "Ametenga mbuzi. Anasema kazi kwanza, mbuzi baadaye." Nikamuuliza kama mama yake haoni haya. Akaniangalia kwa mshangao. "Haya anaona. Ndiyo maana ya mbuzi." Nilipaswa kulala fofofo baada ya maneno hayo.

Siku ya kupimwa Bosi alikuja na kiti chake mwenyewe. Alikuwa na bahasha yenye jibu la mwisho, lililokokotolewa na rafiki wa Mwalimu huko Bungoma, na alikaa hatua tatu kutoka kwangu, kalamu nne kifuani. Rimu ikalia. Karatasi ya kumi, ya ishirini, tunaenda kama maji. Karatasi ya ishirini na sita ilimponyoka Nekesa, ikaingia chini ya meza, akapiga magoti kuitafuta, pigo moja likapotea. Likabaki moja la akiba. Thelathini. Thelathini na tano. Jasho lilikuwa linadondokea kwenye hesabu zangu nikilifuta na kiwiko. Kisha ikaja ya thelathini na saba: toa shubaka la kumi na nne, weka B. Nikaiweka kigodani. Pigo. Ikaja ya thelathini na nane: jumlisha B na C, weka D. Nekesa alikuwa ameniandikia B ni thelathini na sita. Nilijua palepale. Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba hiyo thelathini na sita imeshapitwa na wakati, na kwamba namba ya kweli iko hatua mbili upande wangu wa kulia.

Nikainua macho. Alikuwa amegeuka. Leso alikuwa ameishusha begani, na alikuwa ananitazama, uso mzima, mara ya kwanza na ya mwisho: uso mpana, mwembamba kidogo kwenye mashavu, macho ya Amoit kabisa. Ile karatasi alikuwa ameiinua kifuani. Alikuwa anangoja nimuulize. Sentensi moja tu, mama, B ni ngapi. Mdomo wangu ulifunguka. Nikamwona Bosi, nikamwona Okisai, nikamwona kila dereva na kila ajenti wa Malaba atakayesimuliwa jioni ile kwamba Wandera amemwita mama mkwe wake wakatazamana macho kwa macho kama watu wa soko. Miaka mingi nimejiambia kwamba ile ilikuwa heshima. Haikuwa heshima. Heshima alikuwa ameshaitengea mbuzi. Ulikuwa woga mtupu. Nikainamisha kichwa, nikajumlisha thelathini na sita na hamsini na nane, nikaandika tisini na nne, nikaweka kigodani.

Mutua alipoandika ya mwisho tulikuwa ndani ya mapigo, na Okisai alisharuka juu. Bosi akapasua bahasha taratibu. "Nina mia moja ishirini na moja hapa," akasema. "Nyinyi mna tisini na nne." Okisai akakaa. Mlio wa trela moja chini uliingia dirishani ukakaa nasi muda mrefu. Nilimngojea Bosi aseme nendeni nyumbani, lakini alikuwa mtu wa kuhesabu. Alikuwa ameona jinsi tulivyotembea. "Mashine ni nzuri," akasema. "Kuna meza moja mbovu. Niambieni ni ipi, hiyo iende, nibaki na wanne." Mwalimu Swaleh alikuwa ameshika karatasi ya thelathini na nane, mwandiko wangu juu yake. Akaniangalia. Alinipa nafasi, Mungu ni shahidi, alinipa nafasi ndefu tu. Kabla sijameza mate nikasikia sauti nyuma yangu. "Ni mimi," mama mkwe alisema. "Namba ilikuwa kwangu. Nilichelewa kuitoa." Mwalimu akafungua mdomo, akaona namna mama alivyokuwa akimtazama, akaufunga. Akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

Mila ilinikataza kusema na yeye. Haikunikataza kusema na Bosi. Bosi alikuwa pale pale, hatua tatu, na nilikaa nikitazama mikono yangu huku mama mkwe akikusanya vitu vyake, kikombe, miwani, kigoda chake. Alipita kando ya ukuta wa mbali ili asinikaribie, kama siku zote, akashuka ngazi.

Sisi wanne tulibaki. Shuka likaondolewa kwenye kompyuta, na miezi miwili baadaye nilikuwa naingiza fomu za mizigo haraka kuliko mtu yeyote Malaba. Yeye alianza kuuza simsim na karanga za kusaga Angurai. Mbuzi aliyekuwa ametengwa aliuzwa ili Omuse amalize muhula, lakini muhula uliofuata Omuse alikaa nyumbani, na ule mwingine pia, na alipokuja kurudi shuleni moto wote ulikuwa umeshamtoka. Leo anaendesha lori. Ni mtu mwema, hunisalimu kwa heshima, "Shemeji, habari", na kila mara nashindwa kumwangalia. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa mama mkwe alituma kuku na simsim kupitia kwa Amoit. Kila Krismasi alituma kitu. Mimi nilimtumia sukari, blanketi, siku moja mabati ya nyumba yake. Maneno sikutuma.

Leo asubuhi Amoit alikuwa ameketi sebuleni akikunja leso za mama yake, zile alizorithi, akizipanga juu ya kochi. Nilisimama mlangoni. Nikaona nikirudi chumbani nitakuwa nimerudi moja kwa moja. "Amoit," nikasema, "ile siku ya Bosi. Si mama aliyechelewa. Ni mimi niliyeogopa kuuliza." Aliendelea kukunja. "Najua," akasema. Nikashika mlango. Nikamuuliza nani alimwambia. "Yeye mwenyewe. Siku ile ile, kabla hujafika nyumbani." Mbona hujawahi kusema, nikauliza, na sauti yangu ilitoka kwa ukali, sijui nilimkasirikia nani.

"Alinikataza. Alisema utasema mwenyewe, kisha mimi nimpelekee maneno yako." Akaweka leso chini, akaanza nyingine. "Kila nikienda Angurai ilikuwa swali lake la kwanza. 'Amesema?' Hata hospitalini, ile Alhamisi ya mwisho, hawezi kunywa maji, akaniuliza, 'Amesema?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia bado."